Mwana hiti akiuzwa kwenye blokicheni, nani kauza nini?

Tuseme fundi wa Msimbu, kule Kisarawe, amechonga mwana hiti, kile kinyago kisicho na mikono anachopewa mwali wa Kizaramo akiwekwa ndani. Kijana wa mjini anakipiga picha, anaigeuza picha kuwa tokeni ya NFT, anamuuzia mtu wa Ulaya. Je, mnunuzi kapata nini hasa?

Ili tujibu, turudi nyuma kidogo. Tanganyika na Zanzibar ziliungana 1964, lakini hakimiliki haikuwa jambo la Muungano. Bara ilitunga sheria yake 1966, ikaibadilisha kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, iliyoanzisha COSOTA. Zanzibar ina yake ya 2003, chini ya COSOZA. Kwa hiyo wakili wa tokeni anaanza na swali la kizamani kabisa: kazi imetoka upande gani wa bahari?

Sheria ya 1999 hailazimishi usajili. Fundi akishachonga kazi yake ya asili, haki anazo. Na haikuishia kwa mtu mmoja mmoja. Sehemu yake ya tatu inalinda sanaa za jadi, vinyago vikiwemo: kuzitumia kibiashara nje ya mazingira ya kimila kunahitaji kibali. Yaani hata umbo la mwana hiti lililorithiwa si mali ya kuokota.

Mahakama nazo zilishaonja biashara ya kidijitali kabla ya NFT kuvuma. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru AY na MwanaFA walipwe shilingi bilioni 2.18 kwa nyimbo zao kutumika kama miito ya simu bila idhini. Kesi ikapanda kwenye rufaa, ila wasanii walishaona kwamba wimbo ndani ya simu bado una mwenyewe.

Upande wa fedha mambo yalienda zigizaga. Novemba 2019 Benki Kuu ilionya kwamba sarafu za kidijitali haziruhusiwi. Juni 2021 Rais Samia akaitaka benki hiyo ijiandae nazo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kodi hiyo inagusa malipo; haimpi mnunuzi hakimiliki.

Hapo ndipo watu huumia. Novemba 2021 kikundi cha Spice DAO kilinunua Paris, kwa euro milioni 2.66, nakala adimu ya maandalizi ya filamu ya Dune, kikiwa na ndoto ya kuichapa na kutengeneza katuni. Kumbe walinunua kitabu tu, si hakimiliki.

Blokicheni inatunza vizuri kumbukumbu ya nani kamuuzia nani. Haijui kama muuzaji wa kwanza alikuwa na haki ya kuuza. Kuhamisha hakimiliki kunataka maandishi yenye sahihi, kwa hiyo kabla hujanunua tokeni ya kinyago, omba kwanza ile karatasi ya fundi. Kama haipo, umenunua risiti ya picha, na yule mzee wa Msimbu hajapata hata senti.