Joto la maji: Adui asiyeonekana wa vidimbwi vya samaki Bungoma na Kitale

Mfugaji anaporauka na kukuta ngege wake wakielea matumbo juu kidimbwini, dhana ya kwanza inayomjia ni kwamba kuna jirani aliyetia sumu. Hata hivyo, mara nyingi adui huyo hana mikono. Ni joto la mchana uliopita, likishirikiana na uhaba wa oksijeni wa usiku.

Hasara yenyewe si ndogo. Samaki aliyelishwa kwa zaidi ya miezi sita na aliyekaribia kuuzwa hufa kwa saa chache tu. Aidha, samaki wakubwa ndio hutangulia kufa, na hao ndio mfugaji aliokuwa akiwategemea kumrejeshea gharama ya chakula na vifaranga.

Ufugaji wa samaki ulipata msukumo mkubwa nchini mwaka wa 2009, serikali ilipozindua Mpango wa Kuchochea Uchumi. Katika awamu ya kwanza, ilikusudiwa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila kidimbwi kikiwa na ukubwa wa mita mraba 300. Baadhi ya vidimbwi hivyo vilikauka au kuachwa, lakini ufugaji wenyewe haukufa. Huko Chwele, Kaunti ya Bungoma, kuna shamba la umma la samaki.

Bungoma na Kitale ni majirani, ila hali zao za hewa zinatofautiana. Mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, uko karibu mita 1,900. Kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za sentigredi kwa kila mita 1,000 mtu anapopanda, Kitale huwa na baridi zaidi kwa nyuzi 3 hivi. Tofauti hiyo ni kidogo kwa binadamu, lakini kwa samaki, ambaye joto la mwili wake hufuata lile la maji, ni kubwa.

KIWANGO KINACHOFAA

Ngege, ambao wengi huwaita tilapia, hukua vyema maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yanaposhuka chini ya nyuzi 20, hula kwa shida na kukua polepole, na hawazaani ipasavyo. Yanapopita nyuzi 32, huanza kutaabika. Kambare naye hupenda maji ya uvuguvugu, lakini ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji. Ndiyo maana husalia hai katika kidimbwi ambamo ngege wote wamekufa.

Jambo ambalo wafugaji wengi hawalifahamu ni kwamba maji ya moto hayawezi kubeba oksijeni nyingi. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji baridi ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9.1 za oksijeni. Kwa nyuzi 30, kiasi hicho hushuka hadi miligramu 7.6. Mwinuko nao hupunguza zaidi, kwani hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Bungoma hupata takriban asilimia 85 ya viwango hivyo, na Kitale asilimia 80. Kwa hivyo, maji ya nyuzi 30 mjini Bungoma hayawezi kushika zaidi ya miligramu 6.5 hivi kwa kawaida. Wakati huohuo, joto humfanya samaki apumue kwa kasi na kuhitaji oksijeni zaidi. Akiba inapungua huku matumizi yakiongezeka.

Maji ya kidimbwi huwa na rangi ya kijani kutokana na mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mchana mimea hiyo hutoa oksijeni, lakini usiku huivuta sawa na samaki. Kiwango cha chini kabisa hufikiwa muda mfupi kabla ya mapambazuko, na ndiyo sababu vifo vingi hugunduliwa alfajiri. Samaki wakionekana wakitweta juu ya maji saa kumi na moja asubuhi, hiyo ni ishara ya hatari.

Isitoshe, joto huongeza ukali wa amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki na chakula kilichooza. Sehemu ya amonia iliyo na sumu kali huongezeka karibu mara mbili maji yanapopanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, hata kama kiasi chote cha amonia hakijabadilika.

Hatari nyingine huja na mvua. Siku ya jua kali, maji ya juu huwa moto na mepesi, huku ya chini yakibaki baridi na yakiwa na oksijeni kidogo. Mvua kubwa ya alasiri, tena ya mawe kama inavyonyesha mara kwa mara karibu na Mlima Elgon, hupoza maji ya juu kwa ghafla. Maji hayo huzama na kuyavuruga yale ya chini, na kidimbwi chote kikaishiwa na oksijeni kwa mara moja.

KUPOZA KIDIMBWI

Kinga ya kwanza ni kina. Kidimbwi chenye kina cha nusu mita hupata moto upesi na kupoa upesi. Kinachofaa kina takriban mita 1 upande wa kina kifupi na mita 1.5 upande wa pili, ili samaki wawe na mahali pa kukimbilia jua linapowaka. Vidimbwi vilivyotandikwa karatasi nyeusi ya plastiki vinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa rangi nyeusi hunyonya joto la jua.

Wengi hudhani kwamba kuongeza maji baridi ndiyo dawa. Hesabu inaonyesha vinginevyo. Kidimbwi cha mita mraba 300 chenye kina cha mita 1 kina lita 300,000. Kikiwa na nyuzi 29, kisha kikaongezwa lita 30,000 za maji ya kijito yenye nyuzi 20, joto hushuka kwa chini ya nyuzi 1 pekee. Faida kubwa ya maji hayo ni oksijeni, mradi yaangushwe kutoka juu yakirusha matone badala ya kuingizwa kimyakimya kwa bomba lililozama.

Mvuke hupoza zaidi. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke huondoa joto la kutosha kupoza takriban lita 580 kwa nyuzi 1. Hivyo, kidimbwi kinachopoteza milimita 5 kwa siku, yaani lita 1,500, huepushwa na ongezeko la karibu nyuzi 3. Ni vyema basi kuacha upepo upite juu ya maji. Neti ya kivuli ikitandazwa juu ya sehemu ya kidimbwi husaidia pia, lakini isifunike chote, la sivyo mimea midogo itakosa mwanga wa kutengenezea oksijeni. Kivuli cha miti si badala nzuri, kwa sababu majani yaangukayo huoza majini na kula oksijeni.

Siku za joto kali, chakula kipunguzwe na kitolewe asubuhi jua likishapanda, wala si jioni. Maji yakiwa ya kijani mno, mbolea isitiwe. Mfugaji anaweza kupima kwa kuzamisha mkono: kiganja kikitoweka machoni kabla maji hayajafika kiwikoni, kijani kimezidi.

KITALE NI KINYUME

Kitale kwa kawaida hukabiliwa na baridi ya usiku. Baadhi ya wafugaji wa nyanda za juu hufunika vidimbwi kwa plastiki angavu ili kuhifadhi joto la mchana. Lakini banda hilo lisipofunguliwa adhuhuri, huzaa tatizo lilelile la Bungoma. Wenye vijito baridi vya mlimani wana chaguo jingine, yaani trauti. Mayai ya samaki huyo yaliletwa nchini mwaka wa 1905 kutoka Loch Leven, Scotland. Trauti hutaka maji yanayotiririka ya nyuzi 10 hadi 16, na hutaabika yanapopita 20.

Kanuni hizi ndizo zinazotawala hata matangi ya kioo yanayojengwa ukutani kwa ajili ya samaki na matumbawe ya bahari. Matumbawe ni dhaifu zaidi. Joto likipita kiwango chake cha juu cha kawaida kwa nyuzi 1 tu kwa wiki kadhaa, hupauka, kama ilivyotokea katika pwani ya Kenya mwaka wa 1998 wakati wa El Nino. Wenye matangi hayo hupuliza feni juu ya maji au hutumia mtambo wa kupoza. Maji yaliyopungua kwa mvuke hujaliziwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa maana chumvi haipotei na mvuke.

Kwa mfugaji wa kawaida, chombo cha kwanza ni kipimajoto cha bei nafuu kilichofungwa kwenye kamba. Akipima saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, juu na chini ya maji, na kuandika daftarini, ataiona hatari siku kadhaa kabla ya samaki wake kuanza kuelea.