Shahada Isipolipa, Alipe Nani?

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mhitimu alitakiwa kulitumikia taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo apokee asilimia 40 tu ya mshahara wake. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tukio hili husimuliwa kama somo la uzalendo. Kwa mchunguzi wa gharama za elimu, lina somo la pili: pande zote mbili zilivutana juu ya mgawo wa kitu ambacho hakuna aliyekitilia shaka, yaani mshahara wa mhitimu. Nchi ilikuwa na wasomi wachache mno, na ofisi zilikuwa zikiwasubiri.

Leo uhakika huo haupo. Mzazi anayeuza ng'ombe au kiwanja ili mwanawe asome anauliza kama shahada inalipa. Makala hii inatetea hoja moja: swali hilo halijibiki mpaka tuulize pia, isipolipa, hasara anaibeba nani?

Wastani na upofu wake

Ada ndiyo gharama inayoonekana, lakini kuna nyingine. Tangu Gary Becker alipochapisha kitabu chake kuhusu rasilimali watu mwaka 1964, wanauchumi wamezoea kuhesabu pia kipato anachokiacha mwanafunzi akiwa darasani: miaka mitatu, au mitano kwa daktari, ambayo angeitumia shambani, dukani au gereji. Gharama zote hizo hulinganishwa na ziada ya kipato atakayoipata baadaye. Tafiti za aina hii, hasa za George Psacharopoulos na wenzake wa Benki ya Dunia, zimeonyesha mara kwa mara kwamba faida ya elimu ya juu kwa mtu binafsi Afrika kusini mwa Sahara ni miongoni mwa zile za juu kabisa duniani.

Matokeo hayo yana uzito, ila yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Kwanza, kwa kiasi kikubwa yanatokana na takwimu za watu wenye mishahara. Mhitimu anayetuma maombi kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini, mwaka wa tatu mfululizo hamo katika hesabu hiyo. Pili, anayefika chuoni amekwisha kuchujwa na mitihani ya kidato cha nne na cha sita. Michael Spence alieleza mwaka 1973 jinsi cheti kinavyoweza kumtambulisha kwa mwajiri mtu ambaye tayari alikuwa na uwezo, hata kama masomo hayakumwongezea mengi. Tatu, wastani unamfaa anayesomesha wengi. Serikali inayosomesha maelfu inaweza kufidia waliokwama kwa mafanikio ya waliofaulu. Familia hainunui wastani. Inanunua shahada moja, ya mtoto mmoja, katika mwaka mmoja wa ajira.

Mkopo na mgawo wa hasara

Chombo chetu kikuu cha kugawana hasara hiyo ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Wanafunzi huijua zaidi kwa "bumu", fedha yao ya chakula na malazi. Uso wake wa pili huonekana wakati wa marejesho. Mwenye ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Makato haya yanauma, lakini yana haki ndani yake: hukua na kupungua pamoja na kipato, na mshahara ukikoma nayo hukoma. Aliyejiajiri hutakiwa kulipa asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi, na kwa vyovyote isipungue shilingi 100,000 kwa mwezi.

Tupige hesabu. Shilingi 100,000 ni asilimia 15 ya takribani 667,000. Mhitimu wa ualimu anayeuza nguo za mitumba na kubaki na 300,000 kwa mwezi hudaiwa theluthi moja ya kipato chake, zaidi ya maradufu ya kiwango cha mwenzake aliyeajiriwa. Tazama pia upande wa kodi: mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato, kwa kuwa serikali inakiri kwamba hana cha kutozwa. Mtu huyo huyo akiwa na shahada ya mkopo, anadaiwa milioni 1.2 kwa mwaka. Shahada iliyoshindwa kumwinua ndiyo inayombana zaidi. Mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo pamoja na adhabu ya asilimia 10. Hatua hiyo ilipunguza ukubwa wa deni. Mgawo wa hasara ulibaki vilevile.

Mapingamizi

Wapo watakaosema elimu haipimwi kwa fedha: daktari wa wilayani na mwalimu wa kijijini ni faida ya jamii nzima. Nakubali, na ndiyo sababu jamii inayovuna pamoja nao haina budi kubeba sehemu ya hasara pia.

Pingamizi zito zaidi ni la kiutendaji. Australia, tangu mwaka 1989, humdai mhitimu pale tu kipato chake kinapovuka kiwango fulani, na mamlaka ya kodi ndiyo hukusanya. Kwetu kipato cha sekta isiyo rasmi hakionekani kirahisi, na kiwango kimoja kwa wote ni rahisi kusimamia. Hata hivyo, ukomo wa milioni 4 tayari upo katika sheria zetu za kodi. Kuutumia kama mstari wa kuanzia marejesho hakuhitaji mfumo mpya.

Sisi tunaofundisha vyuoni nasi tuna deni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ni programu chache mno ambazo mzazi anaweza kuelezwa wahitimu wake wa miaka mitatu iliyopita wako wapi. Daftari hilo lichapishwe, programu kwa programu, kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa.

Mwaka 1966 taifa lilimhakikishia mhitimu kazi, kisha likadai sehemu ya mshahara. Leo hakuna anayemhakikishia kazi, na dai limebaki. Kudai sehemu ya kile ambacho shahada imeleta ni haki. Pale ambapo haijaleta kitu, anayedai na asubiri.