Ndoto Iliyokabidhiwa Mungu: Maisha ya Padre Libermann



Ndugu wapendwa katika Kristu, kila mmoja wetu ana ndoto ambayo hamwambii kila mtu. Yupo anayetamani ndoa, yupo anayetamani mtoto, yupo aliyetamani utawa lakini afya yake ikamkatalia. Watu wa namna hiyo hufika wakati wakajiuliza: kama ni Mungu aliyeipanda mbegu hii moyoni mwangu, mbona anainyima mvua? Juma hili napenda tulitafakari swali hilo kwa kumtazama mtu mmoja wa historia. Sisi wa Afrika Mashariki tunakula matunda ya kazi yake, ingawa wengi wetu hatulijui jina lake.

Jacob Libermann alizaliwa mwaka 1802 huko Saverne, katika eneo la Alsace nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa rabi wa Wayahudi wa mji huo, naye alitarajia kwamba mwanawe angeshika njia hiyohiyo. Kijana alipelekwa Metz kusomea urabi, lakini huko imani aliyolelewa nayo ikapoa, na baada ya kuhangaika sana rohoni akamwelekea Kristu. Alibatizwa mjini Paris katika mkesha wa Noeli wa mwaka 1826, akapewa majina ya François Marie Paul. Ubatizo huo ulimtenga na baba yake.

Mwaka uliofuata aliingia Seminari ya Saint-Sulpice. Sasa alikuwa na ndoto moja tu, kuwa padre. Mwezi Machi 1829 alikuwa amekaribia kupewa ushemasi mdogo, daraja ambalo enzi zile lilitangulia ushemasi. Ndipo alipoanguka kifafa. Sheria ya Kanisa ya wakati ule haikumruhusu mwenye ugonjwa huo kupokea madaraja matakatifu. Mlango ulifungwa akiwa amekwisha kufika kizingitini.

Wakuu wa seminari walimhurumia, wakamruhusu kukaa katika nyumba yao ya Issy, karibu na Paris. Huko alifanya kazi ndogondogo za nyumba. Mwaka baada ya mwaka aliwaona vijana waliokuja baada yake wakipewa upadre na kwenda zao, yeye akibaki. Hata hivyo, seminari nzima ilianza kumtafuta kwa ushauri wa kiroho. Mgonjwa asiye na daraja lolote kubwa akawa kiongozi wa roho za mapadre wa kesho.

Tusidhani kwamba utulivu huo ulikuja kwa urahisi. Inasimuliwa kwamba siku moja alimfungulia moyo mwenzake aliyelemewa na huzuni, akamwambia kwamba yeye mwenyewe kila avukapo mto hujiwa na wazo la kujitupa majini, na kwamba kumtazama Yesu ndiko kunakomshikilia. Ndugu yangu, imani haikumwondolea giza lile, bali ilimpa mkono wa kushika ndani yake. Nawe ukijiwa na mawazo ya namna hiyo, usiyabebe peke yako. Mwambie mtu unayemwamini, mwone padre, mwone daktari.

Pale Saint-Sulpice walikuwapo waseminari wawili, Frédéric Le Vavasseur, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion kilichoitwa Bourbon zamani hizo, na Eugène Tisserant, ambaye mama yake alitoka Haiti. Wote wawili waliguswa na mateso ya watumwa weusi, wakawaza kuanzisha shirika la kuwahudumia. Libermann alijiunga nao. Mwanzoni mwa mwaka 1840 alifika Roma, maskini, mgonjwa na asiye padre, akapeleka ombi la shirika hilo kwenye idara ya Kanisa inayoshughulikia umisionari. Akisubiri jibu, aliishi katika chumba kidogo cha darini na kuandika ufafanuzi wa Injili ya Yohane. Jibu la Roma lilitia moyo, lakini lilidai kwanza yeye mwenyewe awe padre. Kifafa kilikuwa kimetulia, na tarehe 18 Septemba 1841 akapadrishwa. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 12 tangu siku ile ya kuanguka. Mwezi huohuo akafungua unovisi wa shirika lake jipya huko La Neuville, karibu na Amiens.

Wengi wangependa hadithi iishie hapo, ili tupate kusema: subiri tu, nawe utapata. Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 1843 alituma wamisionari wake wa kwanza Afrika Magharibi, chini ya Askofu Edward Barron. Katika muda mfupi wengi wao walikufa kwa homa. Libermann aliwalilia kama watoto wake, lakini hakuiacha Afrika. Mwaka 1846 aliiandikia Roma akisisitiza kwamba Kanisa la Afrika lipate mapadre wake wazalendo. Mwaka 1847 aliwasihi wamisionari wake wayaache mazoea ya Ulaya, wawe kama watumishi kwa watu waliotumwa kwao.

Kisha akaombwa sadaka nyingine. Shirika la Roho Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1703 na Claude Poullart des Places, lilikuwa limedhoofika. Mwaka 1848 mashirika hayo mawili yaliunganishwa, na lile la Libermann ndilo lililoachia jina lake. Yeye alichaguliwa kuliongoza shirika lililoungana, akafariki Paris tarehe 2 Februari 1852, akiwa na umri wa miaka 49. Afrika aliyoiombea na kuililia, hakuwahi kuikanyaga.

Lakini tazameni yaliyofuata. Mwaka 1860 mapadre wa kwanza walivuka kutoka Réunion, kisiwa alikozaliwa Le Vavasseur, wakafika Zanzibar, mahali palipokuwa na soko kubwa la watumwa. Mwaka 1863 utume huo ulikabidhiwa kwa wana wa Libermann, na mwaka 1868 wakavuka hadi Bagamoyo, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kutoka hapo Injili ilipanda bara: Mhonda mwaka 1877, Kilema kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1890, na Nairobi mwaka 1899. Wapo kati yetu ambao babu na bibi zao walibatizwa na mikono hiyo.

Basi, kumkabidhi Mungu ndoto ni nini? Si mbinu ya kumlazimisha atupe tutakacho, wala si kuacha kutamani. Naona mambo matatu katika maisha haya. Kwanza, Libermann hakuificha huzuni yake mbele za Mungu. Hata Bwana wetu pale Gethsemane alisema wazi alichotamani kabla ya kuyapokea mapenzi ya Baba. Pili, alipokuwa akisubiri, aliifanya kazi iliyokuwa mkononi mwake, na kumbe kazi ile ya Issy ndiyo iliyomwandaa kulea wamisionari. Tatu, ndoto ilipoanza kutimia, hakuing'ang'ania kuwa mali yake. Alikubali ibadilishwe jina, na ivunwe na wengine, kama Musa aliyeitazama nchi ya ahadi kutoka juu ya mlima Nebo.

Siwezi kumwahidi yeyote kwamba mwaka wake 1841 utafika. Wapo watakatifu ambao mlango wao haukufunguliwa kamwe hapa duniani. Ninachoweza kusema, kwa ushahidi wa historia na wa imani, ni kwamba ndoto iliyowekwa mikononi mwa Mungu haipotei. Yaweza kurudi kwako, yaweza kurudi ikiwa na sura nyingine, yaweza kuzaa katika udongo usioujua, kwa watu ambao bado hawajazaliwa.

Tuombe. Ee Baba mwema, unaijua ndoto ambayo hata midomo yetu inaogopa kuitamka. Tunaiweka mikononi mwako. Utujalie kuifanya kazi ya leo kwa upendo, na kukuamini kwa ajili ya kesho. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.

Nawatakia nyote juma lenye baraka.