Sanamu iliyorudi kwa masaa machache



Ku Kinshasa, wakati ule ingali inaitwa Léopoldville, Wabelgiji walisimamisha sanamu ya mfalme Léopold II juu ya farasi. Huyu ndiye aliyeshika Congo kama mali yake binafsi, kuanzia 1885 hadi 1908. Watu wetu walikatwa mikono na kufa sababu ya mpira wa pori, na yeye hakukanyaga huku hata siku moja.

Mu 1967 Mobutu aliamuru iondolewe. Mu mwezi wa pili wa 2005, waziri wa utamaduni akairudisha karibu na stesheni ya treni, akisema watu wakumbuke historia yao. Masaa machache tu, ikashushwa tena! Leo iko ku Mont Ngaliema, mu bustani ya makumbusho, mbali na njia ya watu.

Kwa nini tunakumbusha hii? Wengi wenu munaomba tuweke jiwe la kumbukumbu pa njia panda, kwa ajili ya wale tuliowazika ukimbizini. Ombi ni la haki. Lakini majirani waliobaki nao walizika watu, na bado hatujawauliza. Tukisimamisha jiwe peke yetu, litakuwa la nani?

Basi, mbele ya kununua simenti, tutaketi nao kwanza. Wafadhili, mutuvumilie: picha ya jiwe itachelewa. Tunataka likae.