Herufi Nyembamba za Kulala: Zilitoka Wapi Hadi Kombewa?

Leo tuongee kuhusu herufi. Si maneno, herufi zenyewe: zile nyembamba, zimeinama kulia kidogo, zina vijiguu chini na juu. Wengi wanadhani ni urembo tu. Hapana. Zilizaliwa kwa sababu nafasi ilikuwa haitoshi.

Mwaka 1501, kule Venice, mchapishaji Aldus Manutius alitaka vitabu vidogo vya kubebeka mkononi. Fundi wake, Francesco Griffo, akamchongea herufi za mlazo kwa kufuata mwandiko wa kalamu. Ajabu ni kwamba zilizolala zilikuwa herufi ndogo peke yake, kubwa zilibaki wima! Karne tatu baadaye shida ikawa mabango. Upana wa karatasi ni uleule, na mwenye tangazo anataka jina lake lionekane ng'ambo ya barabara. Ufanye nini? Unairefusha herufi kwenda juu na kuibana mbavu. Herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito na ghali, kwa hiyo mwaka 1827 Darius Wells wa New York akaanza kuzitengeneza za mbao kwa mashine.

Kwetu reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Miaka 400 kamili baada ya Griffo, hebu fikiria. Shule ya Maseno ikafuata 1906, na watu wakaanza kusoma Dholuo kwa herufi za Kilatini. Kufikia miaka ya 1940, kampuni ya akina Jaramogi Oginga Odinga, LUTATCO, ilikuwa na kiwanda chake cha uchapaji Nairobi, Ramogi Press. Kuwa na herufi zako mwenyewe wakati wa mkoloni halikuwa jambo dogo, bana.

Lakini mwalimu wetu hasa wa herufi ni mchoraji wa vibao. Mpe ubao mwembamba wa mtumbwi aandike jina la marehemu nyanya yako lote. Mpe kioo cha matatu aandike Kisumu, Holo, Kombewa, Ndori, Bondo. Bila kusomea popote, anafikia jibu lilelile: bana, inamisha, weka vijiguu. Mwinamo unafuata mkono wenye brashi, na pia unaifanya gari ionekane inakimbia hata ikiwa imeegeshwa.

Sasa kazi yake inachukuliwa na mabango ya plastiki, na sisi vijana wa kompyuta ndio tunaichukua. Sina shida na kompyuta, ndiyo inanilisha. Shida yangu ni ile tabia ya kuchukua fonti ya kawaida na kuibana kwa nguvu mpaka itoshee. Fonti nyembamba ya kweli imechorwa hivyo tangu mwanzo, kila mstari umepimwa upya. Ukitaka ushahidi, tazama herufi O. Kwa mchoraji, mbavu zake ni nene, kichwa na kitako ni vyembamba. Kwenye bango la kubanwa, mbavu zimebaki kama uzi.