Siku Ruzuku za Matajiri Zilipopigwa Marufuku KICC

Jumamosi, Desemba 19, 2015, siku moja baada ya muda uliopangwa kwisha, mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) ulifungwa KICC, katikati ya Nairobi. Ulikuwa wa kwanza kufanyika Afrika. Chini ya uenyekiti wa Amina Mohamed, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, nchi wanachama zilikubaliana kufuta ruzuku za kuuzia mazao nje. Mkurugenzi Mkuu Roberto Azevêdo alisema WTO haikuwahi kupata mafanikio makubwa kama hayo katika kilimo tangu ianzishwe mwaka 1995.

Nairobi ilikwisha kusikia ahadi kubwa kwa wakulima. Septemba 1973, KICC ikiwa bado mpya, Rais wa Benki ya Dunia, Robert McNamara, alitangaza jijini humo mpango wa kuwasaidia wakulima wadogo, ili kufikia 1985 mavuno yao yawe yakiongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka.

Kuvuna ni jambo moja, kuuza ni jingine. Katika miaka ya 1980, maghala ya Ulaya yalifurika siagi na maziwa ya unga yaliyonunuliwa na serikali kwa bei ya juu. Ili ziada iondoke, msafirishaji alilipwa tofauti kati ya bei ya Ulaya na bei ya dunia. Mwenzake wa Afrika, asiye na hazina ya kumfidia, ilimbidi ashindane na bei hiyo.

Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilipeleka WTO kilio cha ruzuku za pamba, zikiilaumu zaidi Marekani. Mkutano wa Cancún ulivunjika Septemba mwaka huohuo. Mkutano wa Hong Kong, mwaka 2005, ukaahidi kwamba ruzuku za mauzo ya nje zingekoma mwaka 2013. Mwaka huo ukapita bila sheria ya kuzifuta.

Ndipo zamu ya Nairobi ikafika. Nchi tajiri zilitakiwa kuacha ruzuku hizo mara moja, isipokuwa kwa baadhi ya bidhaa za maziwa, nyama ya nguruwe na vyakula vya viwandani, ambavyo vilipewa hadi mwisho wa 2020. Hivyo Norway ikapata muda wa kuendelea kuuza jibini yake ya Jarlsberg kwa ruzuku. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwisho wa 2018, na zile zinazoagiza chakula kingi, Kenya ikiwemo, zikaruhusiwa kugharamia usafirishaji na masoko hadi 2030.

Hata hivyo, Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kushusha ruzuku hizo hadi sifuri mwaka 2013. Fedha nyingi zaidi, zile za ruzuku za ndani anazolipwa mkulima nchini mwake, hazikuguswa. Bajeti ya kilimo ya Ulaya ya 2021 hadi 2027 ni takriban euro bilioni 387. Ulaya hujitetea kwamba sehemu kubwa hulipwa kwa hekta, si kwa kilo, hivyo haimchochei mkulima kuzalisha zaidi. Marekani nayo, ilipogombana na China kuhusu ushuru mwaka 2018 na 2019, iliwatengea wakulima wake hadi dola bilioni 28.

Mfugaji wa Kikuyu au Kabete, ambaye maziwa yake huishia kwenye ATM za maziwa za Kangemi na Kawangware, ana kinga nyingine: ushuru wa asilimia 60 ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza maziwa ya unga kutoka nje. Afrika Magharibi, ushuru wa maziwa hayo yakija kwa jumla ni asilimia 5, na wafugaji wa Senegal hulazimika kushindana nayo.

Mkutano wa WTO wa Abu Dhabi wa mwaka 2024 ulimalizika bila makubaliano ya kilimo. Nairobi iliziba mlango uliokuwa karibu umefungwa, na ulio wazi ukaachwa wazi. Hadi ruzuku za ndani zitakapojadiliwa kwa dhati, Kenya haina sababu ya kulegeza ushuru wake wa maziwa.