Mlango wa Mninga: Miti Iliyoijenga Nyumba Yetu ya Ibada



Tulipoombwa kuandika historia ya hekalu kwa ajili ya kitabu hiki cha kumbukumbu, wengi walitarajia orodha ya wenyeviti, wafadhili na tarehe za ujenzi. Sisi tumechagua kueleza historia ya kitu ambacho kila mwabudu hukigusa kabla hajaifikia kengele, nacho ni mbao. Mlango wetu ni wa mninga. Madhabahu ni ya msaji. Kuni za hawan ni za mwembe. Kenchi zinazobeba paa ni za mpaina. Kila mti katika hiyo ulifika kwetu kwa njia yake, na katika njia hizo imo historia ya wazee wetu, ya wenyeji waliotupokea, na ya deni ambalo bado hatujalilipa.

Miti iliyovuka bahari

Hapana budi tuanzie pwani, maana huko ndiko wazee wetu walikoshukia. Majahazi yaliyotoka Kachchh na Kathiawar yalisukumwa na pepo za kaskazi hadi Unguja na mwambao wa Afrika, yakarudi kwa pepo za kusi. Mengi ya majahazi hayo yaliundwa kwa msaji, mti wa misitu ya India na Burma, ambao siku hizi mafundi wengi huuita mtiki. Jina msaji linatokana na Kiarabu. Mbao yake ina mafuta ya asili yanayoikinga na maji na wadudu, na kwa sababu hiyo wajenzi wa vyombo waliipenda kuliko nyingine. Kabla Baniani wa kwanza hajakanyaga mchanga wa pwani hii, msaji ulikuwa umekwisha kumbeba.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kihindu walikuwa na nafasi kubwa Unguja. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kachchh, ilikodishwa ukusanyaji wa ushuru wa forodha wa Sultani kwa miaka mingi. Katika Mji Mkongwe bado inaonekana milango mizito ya mtindo wa Kigujarati, yenye nakshi na vichwa vya shaba. Mingine ni ya msaji ulioletwa kwa bahari, na mingine ni ya miti ya Kiafrika. Fundi wa zamani alijua kuchanganya miti ya pande mbili za bahari bila kuuliza upi ni mgeni na upi ni mwenyeji.

Msaji wenyewe uliingia bara katika zama za Wajerumani, mbegu zake zilipopandwa katika ardhi ya Tanganyika. Leo yapo mashamba makubwa ya serikali ya mti huo Longuza, wilayani Muheza, na Mtibwa, mkoani Morogoro. Kwa hiyo msaji wa madhabahu yetu una asili ya India lakini ulikulia Tanzania. Wengi wetu twaweza kusema hivyo hivyo juu ya nafsi zetu.

Mwembe nao ulitoka Asia ya Kusini. Biashara ya bahari iliufikisha pwani, kisha ukaingia bara pamoja na misafara na makazi, hata leo hakuna kijiji kinachouona kuwa mti wa kigeni. Majani yake ndiyo tunayoyafunga kuwa toran juu ya mlango siku za sikukuu, na vijiti vyake vikavu ndivyo tunavyovitia katika moto wa hawan. Mwarobaini pia, ambao kila nyumba hapa inaujua kwa dawa, ulitoka upande huo huo.

Lakini tusijisifu kuwa sisi ndio tuliokuwa tukileta tu. Mkwaju asili yake ni Afrika. Ulivuka kwenda India zamani sana, ukazoeleka huko kiasi kwamba Waarabu waliuita tende ya India, na mapishi ya Kigujarati hayakamiliki bila ukali wake. Makao makuu ya Wilaya ya Songwe yanaitwa Mkwajuni. Kila tunapopita hapo tunakumbuka kwamba achari ya bibi zetu ilikuwa na asili ya Afrika kabla wao wenyewe hawajaiona Afrika.

Nchi ya miyombo

Wazee wetu walipopanda nyanda hizi za juu hawakukuta pori lisilo na mwenyewe. Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba, Wandali wa Ileje na Wabungu wa upande wa Ziwa Rukwa walikuwa na majina na matumizi ya kila mti. Wanyiha walijulikana kwa ufuaji wa chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo, na moto wake uliwashwa kwa mkaa wa miti migumu. Jembe lililolima shamba la mtama lilianza safari yake msituni. Kimondo cha Mbozi, bonge kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani, lilipata umaarufu kwa wageni mwaka 1930. Lakini wenyeji wa nchi hii walikwisha kuijua kazi ya chuma na kazi ya kuni muda mrefu kabla ya hapo.

Msitu wa hapa ni wa miyombo. Kabla ya mvua za kwanza majani yake machanga huchipua yakiwa mekundu kama kutu, kisha hugeuka kijani. Ndimo nyuki wanamokusanya asali, ndimo uyoga unamoota mvua zikianza, na ndimo mnamopatikana makusu yanayouzwa kando ya barabara.

Biashara ndiyo iliyotuleta. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, iliwavuta watu wengi katika miaka ya 1930, na wenye maduka wakawafuata wachimbaji. Mashimo ya migodi yalihitaji nguzo za kuzuia udongo, na nguzo zilitoka miyomboni. Kahawa ya Mbozi nayo ilihitaji miti ya kivuli. Kisha ikaja barabara kuu ya kwenda Zambia, na baada yake reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970 na ikakabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976. Tunduma ikawa mlango wa nchi.

Mafundi seremala wa Kihindi na Masingasinga walikuwa wamekwisha kuenea Afrika Mashariki tangu ujenzi wa reli ya Uganda, ulioanza mwaka 1896. Walikuja na randa, patasi na keekee, na katika siku ya Vishvakarma, bwana wa mafundi, walizipanga zana zao na kuziabudu. Lakini magogo yenyewe yalipasuliwa na vijana wa Kiafrika, wawili wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini, wakiuvuta msumeno kutwa nzima. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ilikuwa mikono yao. Majina yao hayamo katika vibao vya marumaru vya hekalu lolote tunalolijua.

Mninga na ndugu zake

Sasa turudi mlangoni. Mninga ni mti wa miyombo, na ukoo wake kitaalamu huitwa Pterocarpus, maana yake tunda lenye bawa. Atakayeokota ganda lake ataona duara jembamba kama karatasi, na katikati kifundo chenye miiba kinachohifadhi mbegu. Ukiukata mti huo, hutoa utomvu mwekundu unaofanana na damu, ambao tangu kale umetumika kutia rangi na katika dawa. Kiini chake ni cha kahawia yenye wekundu. Hakipindi wala hakisinyai sana kikikauka, na mchwa hawakipendi. Ndiyo sababu seremala akiulizwa mbao ya mlango wa heshima, jibu lake la kwanza ni mninga.

Jambo ambalo wengi wetu hatukulijua ni kwamba mninga una ndugu India. Chandani nyekundu, ambayo unga wake umetumika tangu kale katika ibada na dawa, ni Pterocarpus wa milima ya Andhra Pradesh. Bijasali, mti ambao vikombe vyake huwekewa maji ya kunywa wagonjwa wa kisukari, ni Pterocarpus pia. Mpingo nao, ambao ni mzito hata huzama majini, ni wa ukoo mmoja na shishamu wa Punjab. Tulidhani tumeacha miti mitakatifu ng'ambo ya bahari, kumbe ndugu zake walikuwa wakitungoja huku.

Mninga hauna haraka. Mche wake huchipua wakati wa mvua, ukafa juu kiangazi kikija, ukachipua tena, na hufanya hivyo kwa miaka kadhaa huku ukijenga mzizi. Baada ya hapo ndipo shina husimama. Ili ufikie unene wa kutoa mbao nzuri huhitaji miongo mingi. Mti uliotoa mlango wetu ulikwisha kusimama kabla ya wengi wa babu zetu kupanda jahazi.

Mkurungu mpakani petu

Ndugu mwingine wa mninga ni mkurungu, ambao wenzetu wa Zambia wauita mukula. Kiini chake chekundu kilipata soko kubwa China, kwa samani za kifahari. Katika miaka ya 2010 mti huo ulikatwa kwa wingi Zambia na Kongo, na magari yenye magogo yakapita mpaka wetu kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Zambia ilipiga marufuku biashara hiyo zaidi ya mara moja. Mwaka 2019 mkurungu uliwekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa CITES, na mwaka 2022 nchi wanachama zikakubaliana kuongeza miti yote ya Kiafrika ya ukoo wa mninga, pamoja na ya ukoo wa mkongo na ya ukoo wa mkangazi. Chandani nyekundu ilikuwa imewekewa ulinzi huo tangu mwaka 1995, na msandali wa Afrika Mashariki, unaong'olewa hadi mizizi kwa ajili ya mafuta yake, mwaka 2013.

Katika siku hizo za mkurungu, mtu mmoja alitujia usiku na mbao nyekundu nzuri kupita kiasi, kwa bei ya chini kupita kiasi. Tulikuwa tukitafuta mbao za kupanua ukumbi. Hakuwa na hati. Hatutaficha kwamba tulibishana. Wengine walisema mti umekwisha kukatwa, hautarudi shinani, na nyumba ya Mungu ni mahali pema kuliko samani za tajiri wa mbali. Mzee wetu mmoja alisikiliza, kisha akauliza kama tungeweza kuandika jina la mti huo na mahali ulikotoka katika kitabu cha michango, chini ya jina la mfadhili. Hakuna aliyejibu. Mbao zikarudi zilikotoka, na ukumbi tukaumalizia kwa mpaina wa kupandwa.

Baadaye tulifungua daftari za ujenzi wa kwanza ili tuone mninga wa mlango wetu ulitoka wapi. Tulikuta saruji, mabati, misumari na rangi, kila kitu na duka lake. Kwa mlango liliandikwa neno moja tu: mbao. Tuliowakatalia wengine kwa kukosa hati, sisi wenyewe hatukuwa nayo.

Moto na deni

Imani yetu haiwezi kuukwepa mti. Twawasha hawan kwa kuni, na mwisho wa safari miili yetu hurudishwa kwa moto wa kuni. Mwili mmoja huhitaji mamia ya kilo. Katika sura ya 10 ya Bhagavad Gita, Bwana Krishna anautaja mti wa ashvattha kuwa ndiye yeye miongoni mwa miti. Si sawa basi kuuheshimu mti mmoja kwa uzi na maji, na kuuchoma mwingine bila kujua jina lake.

Kwa hiyo, katika maadhimisho haya tumeafikiana mambo matatu. Kwanza, mbao yoyote itakayoingia hekaluni iwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu na alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, na jina la mti liandikwe daftarini. Pili, kuni za mazishi zitoke katika miti ya kupandwa, kama milingoti na miembe iliyozeeka, badala ya miyombo ya asili. Tatu, kwa kila familia itakayotoa mchango wa maadhimisho, tutapanda na kutunza miche miwili, mmoja wa mwembe na mmoja wa mninga. Mwembe utazaa mapema na watoto wetu watauona. Mninga tunaupanda kwa ajili ya watu ambao hatutawajua, na kwa kuwa miche yake hufa juu kila kiangazi, tunawaomba majirani wasiikatie tamaa wala kuilimia juu yake.

Milango ya hekalu ni wazi kwa kila jirani, awe Mwislamu, Mkristo au wa imani nyingine. Mtakapofika katika sherehe, wekeni mkono juu ya ule mlango wa mninga. Ulitoka katika msitu wa nchi hii, ukapasuliwa na mikono ya watu wa nchi hii, na umetufungulia sisi miaka yote hii. Hatuwezi kuurudisha shinani. Twaweza kuliandika jina lake, na hapa tumeliandika.

Om shanti, shanti, shanti.